Sikusema Ameua

(Haya ni maneno niliyozungumza mbele ya waandishi vijana wa tamthilia jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Walionialika walitaka nizungumzie uandishi wa hadithi za uhalifu, na nadhani walitegemea nitaleta redio, maana huko ndiko ninakopatia ugali wangu. Nitaigusa. Lakini mtu aliyenifundisha zaidi jinsi ya kuandika mahojiano ya polisi ni bibi yangu mzaa mama. Hakujua Kiingereza, hakuwahi kushika pedi ya gemu, na somo lenyewe alinipa akiwa amekaa kitandani, tasbihi mkononi, akitazama gemu ya wapelelezi wa Los Angeles. Kwa hiyo nitaanzia pale kitandani.

Ilikuwa Magomeni, mwaka 2012. Mtoto wa mama mdogo alirudi nyumbani na PlayStation 3 ya mtumba, na ndani ya begi mlikuwa na diski mbili. Moja ya mpira. Ya pili imeandikwa L.A. Noire. Ya mpira tuliijua tayari, tulilelewa nayo kwenye vibanda vya gemu. Kibandani unalipia kwa mechi, ukifungwa unainuka, mwingine anakaa. Gemu yenye stori ndefu haina nafasi kibandani. Inataka saa ishirini na zaidi, na kesho ukirudi unakuta mtu ameshafuta pale ulipoishia. Sisi tulikuwa watu wa dakika kumi kumi, na hii diski ya pili tukawa tunaiogopa kama kitabu kinene.

Kwenye boksi imeandikwa kuwa ni ya mchezaji mmoja. Kwetu ilichezwa na watu sita. Binamu alishika pedi kwa sababu mashine ilikuwa yake. Dada yangu, aliyekuwa kidato cha tano, alikuwa mkalimani. Mimi nilipewa daftari niandike majina ya watu na saa walizodai kuwa mahali fulani. Wadogo wawili walikuwa pale wakipiga kura tu. Na bibi alikuwa kitandani kwake, kwa sababu televisheni ilikuwa chumbani kwake na hakuna aliyethubutu kuihamisha.

Wengi wenu mmekulia kwenye vibanda vya video, mnajua kazi ya mkalimani wa filamu, kama Lufufu huku kwetu au DJ Afro kwa jirani zetu Kenya. Mkalimani wa filamu anaongeza chumvi, na ni haki yake, watu wamekuja kumsikiliza yeye. Dada hakuruhusiwa kuongeza chumvi. Neno moja likikosewa, tunampeleka mtu kwenye chumba cha gesi, akauawe.

Nieleze gemu yenyewe kwa wasioijua. Ni mwaka 1947, Los Angeles, vita vimekwisha. Unamwendesha Cole Phelps, mwanajeshi aliyerudi kutoka Okinawa na kuingia polisi. Anaanza na sare mtaani, kisha anakuwa askari kanzu: kitengo cha usalama barabarani, kitengo cha mauaji, kitengo cha maadili, mwisho uchomaji moto. Ilitengenezwa Sydney, Australia, na kampuni ya Team Bondi chini ya Brendan McNamara, ikatolewa na Rockstar Mei 2011. Jiji lilijengwa upya kwa kufuata picha za kale, hata zile zilizopigwa kutoka angani. Unaliendesha gari, unaingia nyumba yenye maiti, unainama, unaokota kiberiti, unakigeuzageuza, unasoma jina la baa lililoandikwa juu yake. Kisha unakwenda kwenye hiyo baa.

Lakini roho ya gemu ni nyuso. Mwigizaji alikalishwa kwenye kiti, akazungukwa na kamera 32 zinazomrekodi kwa pamoja, akasema mistari yake. Kila mkunjo wa shavu, kila jicho lililokimbilia pembeni, kila mate yaliyomezwa kwa shida, vyote vikaingia kwenye gemu kama vilivyo. Waigizaji walizidi 400. Muswada ulifika kurasa 2,200. Nawaomba waandishi mliomo humu mtulie kidogo juu ya namba hiyo. Mimi tamthilia yangu ya redio ya robo saa ni kurasa kumi na mbili, nikijitahidi. Kasoro ipo: miili ilirekodiwa mbali na nyuso, kwa hiyo wakati mwingine unaona kichwa kilicho hai kimekaa juu ya shingo ya mti. Binafsi ningeivumilia kasoro hiyo mara mia kuliko nyuso za mpira tulizozizoea.

Ukimhoji mtu, anajibu, kisha ananyamaza na kukutazama. Hapo ndipo unapoamua. Una vitufe vitatu: anasema kweli, nina shaka naye, anadanganya. Ukisema anadanganya lazima utoe kielelezo, hati au kitu ulichookota, la sivyo anakucheka. Ukipatia, piano inapiga noti za kupanda. Ukikosea, noti zinashuka, na lile swali limekufa. Hupewi la pili. Kesi inaendelea huku umepungukiwa na ulichotakiwa kukijua.

Binamu alikuwa akibonyeza kwa pupa. Noti zinashuka, zinashuka, zinashuka. Siku ya tatu bibi akauliza, huyo mlinzi wa baa amesema nini? Dada akaanza kutafsiri. Bibi akamkatiza: "Sitaki maneno yake. Huyo anadanganya. Mtazame anavyojilamba."

Akapatia. Tena akapatia. Mwanamke asiyejua hata neno moja la lugha inayozungumzwa alikuwa akitushinda sisi wenye daftari na mkalimani. Alikuwa ameuza vitumbua barazani miaka mingi, amekopesha watu, amesikiliza ahadi za Ijumaa na za mwisho wa mwezi. Nyuso alizijua. Na mimi pale ndipo nilipoelewa kazi ya zile kamera 32: zilitengeneza gemu ambayo bibi yangu angeweza kuicheza.

Basi tukafika kitengo cha mauaji, tukiwa na bibi kama mkuu wetu wa upelelezi.

Kuna kesi humo iitwayo The Golden Butterfly. Mwanamke ameuawa, mumewe aitwaye Hugo Moller anahojiwa. Ni mtu wa hasira, anajikanyaga kwenye majibu, na baadaye anakutwa akijaribu kuchoma viatu vyenye damu. Hapo hapo upelelezi unamwibua mtu wa pili, Eli Rooney, mwenye rekodi ya kunyanyasa watoto. Kituoni unawekewa wote wawili, huyu chumba hiki, yule chumba kile, na unatakiwa umshtaki mmoja kwa mauaji. Bosi wako, Kapteni Donnelly, anakuonyesha waziwazi anamtaka nani.

Bibi alipomtazama mume alisema anadanganya. Tukapiga kura, viatu vikaamua, tukamshtaki mume. Donnelly akatuwakia. Tumemwacha mchafua watoto arudi mtaani! Nyota zetu, zile alama za kila kesi, zikapungua. Binamu hakulala vizuri na nyota pungufu, akarudia kesi nzima, safari hii akamshtaki Rooney, akasifiwa na kupewa nyota tano. Gemu inakulipa kwa kumtia hatiani mtu anayechukiwa na bosi. Ushahidi haujabadilika. Aliyebadilika ni mwenye pedi.

Tukaendelea. Kesi nyingine ya mwanamke aliyeuawa, mshtakiwa mwingine. Na nyingine. Kila mara vielelezo vinapatikana kirahisi mno, kana kwamba mtu ametutandikia. Kule nyuma ya kesi hizi kuna kivuli cha mauaji ya kweli: Januari 1947 mwili wa Elizabeth Short uliokotwa Los Angeles, magazeti yakampa jina la Black Dahlia, na mpaka leo muuaji hajajulikana. Gemu inabuni jibu lake. Mwisho wa kitengo unagundua kwamba mauaji yote yale yalifanywa na mtu mmoja, mhudumu wa baa wa muda, ambaye ulishasimama mbele yake kaunta, ukamuuliza maswali, ukamshukuru, ukaondoka. Wote uliowashtaki hawakuua. Na hata hilo halitangazwi. Muuaji ana ndugu mkubwa serikalini, kwa hiyo jambo linafunikwa, wale waliofungwa wanaachiwa kimyakimya.

Chumbani palikuwa kimya. Dada alitafsiri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hatukumwamini. Halafu mdogo wetu wa mwisho, kwa ile roho ya watoto ya kutafuta wa kulaumu, akamgeukia bibi: bibi, lakini wewe ulisema yule mume ndiye!

Bibi akaendelea kuhesabu tasbihi mpaka akafika mwisho wa duru. Ndipo akajibu: "Mimi nilisema anadanganya. Sikusema ameua."

Nimeibeba sentensi hiyo miaka yote hii. Yule mume kweli alidanganya. Bibi alimsoma sawasawa. Lakini kati ya "anadanganya" na "ameua" kuna hatua moja ndefu, na ile hatua hakuipiga bibi, wala Cole Phelps. Tuliipiga sisi, kwa kidole gumba cha binamu, baada ya kura ya watu watano. Mtu anaweza kudanganya kwa aibu. Kwa woga wa polisi. Kwa kumficha mtu mwingine. Sisi tulikuwa na mwongo mkononi na mauaji mezani, tukaona vinafanana kimo, tukavifunga pamoja.

Na mnajua ninyi kama mimi kwamba mitaani kwetu hatua hiyo huchukua sekunde. Neno "mwizi" likishatamkwa kwa sauti, hakuna anayeuliza kimeibwa nini. Nimewahi kuwa mtoto nimesimama pembeni ya duara la namna hiyo, na kijana aliyekuwa katikati, ilikuja kubainika jioni, hakuwa yeye. Watu walirudi majumbani wakisema alijibu kwa kubabaika. Ni kweli alibabaika. Nani asingebabaika?

Ndiyo maana nasema tamthilia hii ya kuchezwa inafanya jambo ambalo mimi na redio yangu hatuliwezi. Kiswahili kina wapelelezi wake wapenzi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nimewasoma kwa tochi chini ya shuka. Nikiwasoma nilikuwa nikibahatisha muuaji ukurasa wa thelathini, nikikosea sikudaiwa kitu. Bwana Msa hakuwahi kumkamata mtu kwa sababu mimi msomaji nilimshuku. Kukisia kwangu kulikuwa bure. Ukitega kitendawili nyumbani, mtu akishindwa, unamwambia nipe mji, na hapewi jibu mpaka mji utajwe na uupokee. Wazee walijua kwamba kukosea kukiwa na bei, mtu anafikiri kabla ya kufungua mdomo. Gemu ya uhalifu iliyoandikwa vizuri inakudai mji. Na mji wenyewe ni mtu aliyekaa mbele yako, ana mke aliyekufa na binti nyumbani.

Nigusie jambo la ufundi, kwa faida yenu mnaoandika mistari ya waigizaji. Kile kitufe cha kati, cha shaka, kilimtesa sana dada. Alitafsiri vizuri, "nina shaka na hilo," tukabonyeza tukitarajia Phelps aulize kwa upole. Badala yake anapiga meza na kumfokea mjane. Tukadhani tumeharibu mashine. Kumbe mistari iliandikwa kwa mpango wa awali wa vitufe vyenye maana nyingine, kubembeleza, kubana, kutuhumu, kisha majina yakabadilishwa na mistari ikabaki. Gemu ilipotolewa upya mwaka 2017 waliviita polisi mwema, polisi mkali, na tuhumu. Waandishi, neno lililo juu ya kitufe ni ahadi. Mchezaji ametia saini kwa neno hilo. Ukimpa tendo jingine, umemsainisha mkataba asioujua, na kuanzia hapo anaacha kumwamini mhusika na kuanza kumlaumu mwandishi.

Na jingine, ambalo linaniuma kama mtu wa kazi hii. Gemu ilipotoka, majina ya watu zaidi ya 100 waliowahi kuitengeneza hayakuwemo mwishoni au yaliandikwa isivyo sahihi, na malalamiko ya kufanyishwa kazi saa nyingi kupita kiasi yakajitokeza hadharani. Team Bondi ilifungwa mwaka huo huo wa 2011. Kazi iliyochukua miaka kama saba kuijenga! Mkiunda vikundi vyenu, andikeni jina la kila aliyeshika waya.

Sasa nije kwenye steringi. Kibandani kila mtoto anajua sheria: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atafunga kitambaa, ataendelea. Tulikuwa tukiwatuliza wadogo zetu kwa maneno hayo, usilie, yule steringi. Tamthilia ya uhalifu inayochezwa imeivunja sheria hiyo kwa namna inayouma zaidi kuliko filamu, kwa sababu steringi ni wewe.

Cole Phelps anasalitiwa na mwenzake wa kitengo cha maadili, Roy Earle, ndoa inavunjika hadharani kwa sababu ya mwimbaji wa Kijerumani aliyempenda, anashushwa cheo. Halafu gemu inafanya jambo la ajabu: inakunyang'anya Phelps mkononi. Inakukabidhi mtu mwingine, Jack Kelso, aliyepigana naye Okinawa na sasa ni mpelelezi wa bima. Unamtazama Phelps kutoka nje, kwa macho ya mtu asiyempenda sana, na kwa mara ya kwanza unaona jinsi alivyokuwa mgumu na mwenye kiburi. Mwisho anafia kwenye mifereji ya maji chini ya jiji, maji yanamzoa akiwa amekwisha kuwaokoa wengine. Na msibani anayesimama kusoma wasifu wa marehemu ni Roy Earle, yule yule aliyemsaliti. Bibi alipofahamishwa nani anaongea, alisema hilo nalo amelishuhudia makaburini zaidi ya mara moja.

Wacheki waliitangulia habari hii kwa miaka tisa. Mafia, ya mwaka 2002, ilitengenezwa Brno na Illusion Softworks. Ukiniuliza mimi gemu ipi ina mwanzo bora wa hadithi ya uhalifu, nitataja hii. Mwaka 1930 wewe ni Tommy Angelo, dereva wa teksi. Majambazi wawili wanaokimbizwa wanaingia kwenye gari lako na kukwambia kanyaga. Hukuchagua uhalifu. Umeendesha gari tu. Polisi wa mji ule wanakupiga faini kwa kuzidisha mwendo au kupita taa nyekundu, kwa hiyo unajifunza kuwa raia mwema barabarani huku kwenye buti umebeba bunduki. Hadithi nzima Tommy anamsimulia mpelelezi mezani mwaka 1938, anataka kutoa ushahidi ili familia yake ilindwe. Analindwa. Mwaka 1951 amezeeka, yuko nje ya nyumba yake, wanaume wawili wanamfuata, wanataja salamu za bosi wake wa zamani, wanampiga risasi.

Mwaka 2010 ikaja Mafia II. Unaanza maisha na kijana mwingine, Vito Scaletta, unampenda, unapanda naye ngazi. Karibu na mwisho unapewa kazi ya kwenda kumuua mzee mmoja aliyewahi kutoa ushahidi. Uko ndani ya gari, unakaribia nyumba, unaanza kuitambua. Ni ile bustani ya Tommy. Mtu niliyemhangaikia kwa wiki nzima nikiwa kijana, nikampitisha kwenye taa nyekundu zote za mji wake, sasa mimi ndiye nimeletwa kumwua. Niliweka pedi chini. Gari la mkaa likapita nje, nakumbuka, likaacha vumbi dirishani. Kwenye redio ningeweza kumwandikia msikilizaji kwamba muuaji alijuta. Pale hakuna aliyeniandikia majuto. Nilikuwa nayo.

Heavy Rain ya Quantic Dream ya Ufaransa, mwaka huo huo wa 2010, sitaikalia sana. Ina wahusika wanne unaowaendesha kwa zamu, na yeyote akifa hadithi inasonga bila yeye. Baba aliyetekwa mtoto anatakiwa kumuua mtu asiyemjua ili apate dalili ya mwanawe alipo. Anamfuata muuza dawa za kulevya, mtu mbaya kweli, mpaka chumbani kwa mabinti zake, na yule mtu anapiga magoti akitaja kuwa naye ni baba. Unaweza kubonyeza, unaweza kuondoka. Nimeona watu wazima wakilia juu ya kitufe kile. Lakini siri kubwa ya gemu hiyo, kwamba muuaji ni mmoja wa wale wanne, mimi naihesabu kuwa ulaghai. Tulikuwa ndani ya kichwa chake, tulisikia mawazo yake, na mawazo yakatudanganya. Mficheni muuaji nyuma ya mlango, nyuma ya ushahidi, nyuma ya ukarimu wake. Msimfiche ndani ya fikra mlizokwisha kutufungulia.

Mtaniuliza, sisi kamera 32 tutazitoa wapi? Ndiyo sababu nimekuja na mfano wa mwisho, na huu ndio ninaotaka muondoke nao vichwani.

Mwaka 2015 Mwingereza aitwaye Sam Barlow alitoa gemu inayoitwa Her Story. Mwigizaji mkuu ni mmoja, Viva Seifert. Anakaa mbele ya kamera ya polisi na kuhojiwa mara saba mwaka 1994 kuhusu mumewe. Mahojiano yamekatwa vipande 271, na maswali ya polisi yameondolewa. Wewe umepewa kompyuta ya zamani yenye kisanduku cha kutafutia. Unaandika neno, kompyuta inaleta vipande ambamo yule mwanamke alilitamka, lakini inakuonyesha vitano vya kwanza tu. Ili uone vingine lazima ufikirie neno lililo adimu zaidi. Hakuna kukimbizana. Hakuna bastola. Upelelezi wote ni kuchagua neno.

Niliicheza nikiwa na dada, na katikati ya usiku nikaanza kujiuliza: gemu hii ingekuwaje kwa Kiswahili? Nikawasha taa, nikaandika mpaka alfajiri. Sikilizeni.

Kwa Kiingereza unaandika neno moja la kuua na linakuletea vipande bila kukuuliza nani alimuua nani. Kwa Kiswahili mtu hasemi "kuua" akaishia hapo. Anasema "alimuua". Au "nilimuua". Au "aliuawa". Kitenzi chetu kimembeba mtenda na mtendwa tumboni. Kwa hiyo mchezaji hawezi kutafuta tendo bila kwanza kumshuku mtu. Ukiandika "alimpiga" utapata vipande vya mtu wa tatu. Ukiandika "nilimpiga" utapata kukiri. Na pengine ufumbuzi wa kesi nzima umelala kwenye "tulimpiga", na hutaufikia mpaka wewe mwenyewe, umekaa gizani, uwaze kwamba walikuwa wawili. Sarufi tuliyoichukia darasani ndiyo inayokuwa askari kanzu.

Haijaisha. Shahidi wa Kiswahili anaweza kuzungumza dakika kumi: "Alikuja usiku, akabisha hodi, nikamfungulia, akaketi pale pale ulipoketi wewe, akanywa maji, akasema amechoka." Ni mwanamume au mwanamke? Hajasema. Wala hajadanganya. Dada alipokuwa akitutafsiria zile kesi za Los Angeles, kila akisema "alikuja" tulimrukia sote kwa pamoja, nani, wa kiume au wa kike? Kwake Kiingereza kilikuwa kimeshatoa siri, kwetu Kiswahili kilikuwa bado kinaitunza. Mwandishi wa Kiingereza anahangaika sana kuficha jinsia ya mtu hadithi nzima. Sisi tunazaliwa nayo hiyo ngao.

Na adabu zetu! Mtuhumiwa anamwita mpelelezi "mwanangu" katika mahojiano ya kwanza, "afande" katika ya tatu, na katika ya tano anarudi kwenye "mwanangu". Kilichotokea katikati ni nini? Mtu anayesema "marehemu" siku ambayo mwili haujapatikana bado. Mke anayesema "baba fulani" miaka yote, halafu kwenye kipande kimoja tu anamtaja mumewe kwa jina lake. Andika hilo jina kwenye kisanduku uone. Mambo haya yanahitaji chumba kimoja, meza, feni inayopiga kelele, simu yenye kamera nzuri na mwigizaji mmoja anayejua kunyamaza. Redioni nimejua waigizaji kumi wa namna hiyo. Wako humu jijini, wengine hawana kazi wiki hii.

Mimi nimeanza. Nina vipande arobaini na viwili, mwigizaji amekubali, na kijana mmoja aliyekaa pale nyuma anaandika programu ya kutafutia maneno. Shida yake ya kwanza nimeshawaeleza, ni viambishi, na nimemwomba asimwonee mchezaji huruma, asiviondoe.

Nilisema nitazungumza nusu saa na imekwisha. Kwenye skrini hapa nyuma yangu nimefungua L.A. Noire, kituoni, chumba cha mahojiano. Mume yuko kiti kile pale, mnamwona. Dada yangu yuko mstari wa mbele, atatafsiri, na ameniahidi haongezi chumvi. Taa za nyuma zizimwe tafadhali, tumwone uso. Nani anashika pedi?